MREJESHO: Alteneta ya mtumba ya IST imeingia, ila inavuma

Wakuu, niliwauliza nitajuaje kama alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) ya mtumba itakubali kwenye Toyota IST yangu, baada ya taa ya betri kuwaka na gari kuzimika kwenye foleni ya Tazara. Asanteni sana.

Aliyesema nifungue ya zamani niende nayo mkononi, Mungu ambariki. Kariakoo muuza spea alinipa moja akiapa kuwa ndiyo yenyewe. Matundu ya bolti sawa kabisa, lakini soketi ina pini tatu, yangu nne. Nikaikataa palepale, akanuna. Nyingine soketi ilikubali na ampia (kiasi cha umeme inachotoa) zililingana, ila puli (gurudumu la kupitishia mkanda) ilikuwa na mifereji michache kuliko mkanda wangu. Fundi akahamishia puli ya zamani.

Injini ikiwaka mita inasoma volti 14.1, na nikiwasha taa na AC haishuki chini ya 13.6. Taa ya betri imezima, yaani inachaji.

Ushauri wenu wa kuizungusha kwa mkono kusikiliza beringi kabla ya kununua niliufuata, ikawa laini. Sasa ikipata moto inavuma. Gerentii ilikuwa ya kujaribu siku ileile tu, kwa hiyo beringi nabadilisha kwa hela yangu.