Naomba ushauri: miwani ya VR kwa wanafunzi wa uuguzi

Habari zenu wakuu. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi, Dodoma. Tumepata miwani 2 ya VR (ukiivaa unaona mazingira ya kompyuta kana kwamba umo ndani yake) aina ya Meta Quest 2, tufundishie kumhudumia mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Wanafunzi wako 64! Chaji haizidi saa 3, na wengine wakivaa dakika 10 tu wanashika ukuta, kichefuchefu. Nimerekebisha nafasi kati ya lenzi mbili ilingane na macho ya mvaaji (milimita 58, 63 au 68), nimewakalisha kwenye viti, afadhali kidogo. Kukanda mfuko wa uzazi bado tunatumia sanamu, maana kwenye miwani mkono unakanda hewa.

Mliowahi kutumia, zamu mnazipangaje kwa darasa kubwa hivi? Na kuna programu ya uuguzi isiyodai intaneti muda wote? Bando natoa mfukoni mwangu.