Mjadala: Je, orodha ya vitabu teule vya mtihani wa fasihi inatuzalia wasomaji, au inatuzalia watahiniwa tu?

Nimefunga mwaka nikiwa nimesoma riwaya 14 za Kiswahili. Sitaji hesabu hiyo kwa majigambo, maana wapo humu wanaosoma mara tatu ya hizo. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyonizushia swali hili.

Mwezi Desemba tulikutana marafiki tisa, watu wazima wenye kazi na familia, na katika mazungumzo kila mmoja akatakiwa ataje riwaya ya Kiswahili aipendayo kuliko zote. Waliosoma Tanzania walitaja Vuta n'kuvute, Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Wawili waliosoma Kenya walitaja Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitabu ambacho hakukisomea mtihani, na nilipouliza ni nani aliyesoma riwaya ya Kiswahili tangu alipomaliza shule, mmoja tu alijitokeza kusema kwamba aliwahi kuianza Haini ya Adam Shafi akaishia njiani. Hawa si watu wasiopenda vitabu. Mmoja wao hununua riwaya za Kiingereza kila akipita uwanja wa ndege.

Msimamo wangu nauweka wazi ili mpate pa kuupigia: fasihi ibaki shuleni, riwaya ibaki hata kwenye mtihani, lakini orodha fupi ya vitabu teule ifutwe, na mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa kutumia riwaya yoyote ya Kiswahili aliyoisoma.

Nitaeleza kilichonifikisha hapo. Mapema mwaka huu nilinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara nakala kuukuu ya Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ikakatazwa shuleni, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha shule. Nakala yangu ilikuwa imepita mikononi mwa mwanafunzi. Pale ambapo Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, pembeni pameandikwa kwa penseli: “Dhamira: malezi.” Kurasa chache mbele: “Ujumbe: wazazi wasiwe wakali kupita kiasi. Hoja ya 3.” Kuanzia katikati ya kitabu penseli inakoma kabisa na kurasa ni safi, kana kwamba hazijawahi kufunguliwa. Mwenzetu huyo alikwisha kupata hoja zake tatu. Ya nini kuendelea hadi Rosa afike chuoni Morogoro na kuharibikiwa?

Simcheki, kwa kuwa nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilipoisoma riwaya hiyo kidatoni, Zakaria alikuwa “mhusika mlevi na mkali”, basi. Safari hii nimeisoma nikiwa baba wa binti aliye kidato cha tatu, na kilichonitisha kwa Zakaria ni jinsi anavyoweza kuamini kwamba kipigo ndicho kinga ya mtoto. Hilo halikuwemo katika uchambuzi tulioukariri, wala sidhani kama lingeweza kuwemo.

Kadhalika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Tulifundishwa ukombozi, ubaguzi na nafasi ya mwanamke katika jamii, na yote yamo. Lakini hakuna aliyewahi kutuuliza lolote kuhusu Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, mtaa wa mji wa Unguja, anayempa Yasmin, mhusika mkuu wa kike, pa kulala wakati jamaa zake mwenyewe wamemfungia mlango. Kwangu mimi, ukimwondoa Mwajuma, Denge mpigania uhuru na siasa zake zote hawatoshi kuibeba riwaya ile.

Riwaya iliyonishika kuliko zote mwaka huu, hata hivyo, ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976, ambayo sikuwahi kupangiwa na mtu. Ilinilazimu kuwa na kamusi pembeni, kwa maana Kiswahili cha Unguja mle ndani hakimngojei msomaji wa bara. Rehema anakataliwa na Fuad, baba yake, kwa ajili ya rangi ya ngozi yake, na mwandishi haharakishi kutuambia tumhukumu nani. Nagona ya Kezilahabi, kitabu chembamba kuliko vyote nilivyosoma, niliirudia mara mbili na bado sijadai kwamba nimeielewa. Ningeitazama kwa jicho la mtihani ningeitupa siku ya kwanza.

Naomba hoja zenu.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu wa sekondari:

Ndugu mtoa mada, unazungumza kama mtu mwenye rafu ya vitabu nyumbani. Darasa langu lina wanafunzi 74, na nakala za riwaya tulizo nazo ni sita. Orodha unayotaka kuifuta ndiyo inayomwezesha mtoto wa kijijini kwangu kukalia mtihani uleule na mtoto wa mjini, kwa sababu wote wanajua ni vitabu gani vitaulizwa, na hata mimi nisiye na nakala za kutosha ninaweza kuwasomea kwa sauti. Ukisema “riwaya yoyote”, mwenye maktaba atachagua na asiye nayo atabaki kutazama. Zaidi ya hayo, niambie msahihishaji atasahihishaje majibu kuhusu riwaya ambayo yeye mwenyewe hajaiona. Mwanafunzi atajitungia kitabu, amtungie na mwandishi, na alama tutampa.

Mchangiaji wa pili, kutoka Kenya:

Mimi nakupinga kutokana na maisha yangu mwenyewe. Nyumbani kwetu hapakuwa na kitabu isipokuwa Biblia. Siku Njema ya Ken Walibora niliisoma kwa lazima, lakini nilimfuata Kongowea Mswahili, mhusika wake mkuu, katika safari yake hadi usiku wa manane, na baada ya hapo nikaanza kutafuta riwaya nyingine kwa hiari. Lazima ndiyo iliyonifungulia. Kinachoudhi kwetu ni swali la dondoo: “Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne.” Msemaji nani, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Vijana hukariri dondoo kutoka kwenye mwongozo bila kuujua mtiririko wa hadithi. Kwa hiyo gombana na swali, usigombane na orodha.

Mchangiaji wa tatu, muuza vitabu:

Nitaongeza jambo moja ambalo wasomaji hawapendi kulisikia. Riwaya ikiwa kwenye orodha, naagiza maboksi. Ikitoka, naagiza nakala mbili na moja inaliwa na mchwa. Mchapishaji anaijua hesabu hiyo kuliko mimi. Tuzo za uandishi tunazo, ya Safal-Cornell na ya Mwalimu Nyerere, na miswada inashinda, lakini sijaona foleni dukani kwangu kwa sababu ya tuzo.

Mtoa mada:

Nawashukuru. Kwa Mwalimu nasalimu amri kwa sehemu: sikuwa nimefikiria nakala sita kwa wanafunzi 74, na “riwaya yoyote” kweli ingekuwa zawadi kwa wenye nazo. Basi naipunguza hoja yangu. Orodha ibaki, lakini iwe ya riwaya 20 au 25, za zamani na za sasa, shule ichague kulingana na ilichonacho, na msahihishaji awe na muda wa kuzisoma zote.

Kwa ndugu wa Kenya sina ubishi kuhusu swali la dondoo. Letu la Tanzania, la kutoa hoja tatu kutoka katika kila moja ya riwaya mbili, ni ndugu yake wa tumbo moja. Ila ninakuuliza: kati ya wanafunzi wenzako waliolazimishwa kuisoma Siku Njema, ni wangapi walioendelea kama wewe? Mimi kati ya marafiki tisa nimempata mmoja, naye aliishia njiani.

Muuza vitabu amenishinda, wala sitajaribu kumjibu.

Lakini narudi kwa Mwalimu kwa jambo lililonitokea wiki iliyopita. Binti yangu alirudi na uchambuzi wa Takadini uliopigwa chapa, kurasa nane, akaniuliza kwa dhati kabisa kama bado kuna haja ya kukisoma kitabu chenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba bila kukisoma atafeli, nikakumbuka kwamba si kweli: kurasa zile nane zinatosha, na pengine zingempa alama nyingi kuliko atakazopata akikisoma polepole na kuja na mawazo yake mwenyewe kuhusu yule mtoto mwenye ualbino na mama yake. Sikumjibu. Nawe, Mwalimu, ambaye umesahihisha kwa miaka mingi kuliko yangu ya kusoma, hebu niambie: mwanafunzi aliyepata alama zote bila kukifungua kitabu, kwenye karatasi yake unamtambuaje?