MJADALA: Akiba ya vifaa tiba vya dharura ikae MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) au ishushwe vituoni?

Mwanakeko: Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kama Ebola, imeingia Kagera mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025. Haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Mgonjwa anategemea dripu na uangalizi, mhudumu anategemea glavu, barakoa na gauni. Serikali itenge akiba isiyoguswa, MSD iitunze. Mkiiweka vituoni itahamia maduka ya dawa, watu wenyewe tunawajua.

Nesi Wilayani: Unawajua akina nani? Wataje. Nimezalisha mama usiku kwa glavu alizonunua mumewe, stoo yetu imebaki makasha matupu. Kila dripu inaandikwa kwenye leja na kamati ya kituo inakagua. Unatuitaje wezi?

Mwanakeko: Dada, sijakutaja wewe. Lakini dawa zenye alama ya GOT, yaani mali ya serikali, zinafikaje madukani?

Nesi Wilayani: Na zinazoisha muda ghalani, nazo kaiba nesi?

Jirani wa Kisumu: Ghala peke yake si dawa, jamani. Kwetu mwaka 2020 KEMSA, bohari ya dawa ya Kenya, ilinunua vifaa vya Korona kwa bei ya kuruka, Mkaguzi Mkuu akahoji ununuzi wa shilingi bilioni 7.8. Bei sokoni ikashuka, mzigo ukadoda, na Desemba madaktari wakagoma wakidai vifaa vya kujikinga.

Baba Subira: Ya Kenya waachieni Wakenya. Dar mpaka Biharamulo kule Kagera ni zaidi ya kilomita 1,000, akiba ya MSD pale Keko, Dar, itafika lini? Iwekwe kanda, Mwanza kwa mfano, na izungushwe: inayokaribia kuisha muda iende hospitali ikatumike, mpya iingie. Marekani walitoa barakoa za akiba 2009 kwa mafua ya nguruwe, hawakurudishia za kutosha, Korona ikawakuta hivyo.

Mama Pili: Mimi nimeganda kwa yule mume. Si tunaambiwa kujifungua ni bure? Kwa nini anunue glavu?

Nesi Wilayani: Bure ipo kwenye sera, mama. Tunajaza fomu, tunaagiza, unakuja mzigo pungufu. Uchungu wa uzazi hausubiri gari la MSD, ndiyo maana tunamtuma mume dukani.

Mama Pili: Basi hiyo ndiyo dharura yenyewe. Ya Marburg inakuja mara moja moja, hii iko wodini kila usiku.

Mwanakeko: Mama, hapo unachanganya bajeti mbili.

Nesi Wilayani: Mwanakeko, bado hujafuta neno lako.