Naomba ushauri: mboji ya kwenye ndoo inatota chini

Wadau, habari zenu. Naomba msaada kuhusu mboji ya taka za jikoni kwenye ndoo ya lita 20. Ndoo ina matundu ya milimita 8 kitakoni na ubavuni, imeinuliwa juu ya matofali, na kila kipimo kimoja cha maganda kinafunikwa na vipimo viwili vya majani makavu. Nyama, maziwa na mafuta haviingii kabisa, maana vinaita panya na nzi.

Juu hali ni nzuri: ukiminya konzi moja, linatoka tone moja au mawili tu. Shida ni sentimita 10 za chini. Zinatota, zinashikana na kunuka kama yai viza. Chanzo ni kukosa hewa, kwa sababu majani yakilowa hulala bapa na kuziba matundu. Kugeuza kunasaidia siku chache tu, kisha harufu inarudi.

Je, nitandike vijiti vya unene wa kidole kitakoni, au maboksi yaliyochanwachanwa? Maranda laini nayahofia, nayo hugandamana. Na kwa aliyewahi kusimamisha bomba lenye matundu katikati ya ndoo, kipenyo gani kinafaa?