Taa ya UV ya kusafisha maji mlimani, inafaa ama ni kutupa pesa?

naxvegas_miguu
Habari wadau. Tuko watu sita kutoka Nakuru tunapanga kupanda Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim, tulale huko juu siku mbili tatu hivi. Maji tutachota kwa mito ya njiani maana kubeba ya chupa kutoka mjini ni mzigo hakuna mtu anataka. Sasa mmoja wetu ameletewa na dadake kutoka Marekani hii kalamu ya taa ya UV (ule mwanga usioonekana kwa macho), unaichovya kwa chupa ya lita moja, unakoroga polepole, inawaka, sekunde 90 ati maji tayari. Hakuna moshi, hakuna harufu ya dawa. Swali langu, inaua kweli ama tunaenda kuharia mlimani? Na kuna kitu haiondoi kwa maji? Nilitaka kununua yangu nikaangalia bei mtandaoni nikazima simu.

kitale_juu
Inaua bana. Hiyo taa inatoa mwanga wa nanomita 254, unavuruga DNA ya vijidudu hadi vinashindwa kuzaana, na kijidudu kisichozaana hakikufanyi kitu tumboni. Bakteria za taifodi na kipindupindu, virusi, hata vile vimelea vya kuharisha, jiadia na kriptosporidia, hiyo ya mwisho klorini ya kawaida haiiwezi.

Sasa shida huwa si taa, ni maji. Mwanga lazima upenye. Maji yakiwa na tope vijidudu vinajibanza nyuma ya udongo na taa haivifikii, wewe utaona imewaka hadi mwisho ikajizima na ukafikiri mambo iko sawa kumbe ulikuwa unamulika matope. Asubuhi vijito vya Elgon huwa safi vizuri, lakini mvua ya mchana ikishuka (na huo mlima unapenda mvua ya mchana) ndani ya muda mfupi ni chai ya maziwa inateremka. Kwa hivyo choteni asubuhi. Mkikosa, wekeni maji kwa sufuria yatulie, mimina ya juu kupitia leso iliyokunjwa mara kadhaa, halafu ndio taa. Mimi huweka karatasi yenye maandishi nyuma ya chupa, kama siwezi kusoma sipotezi betri yangu.

Kitu ingine wengi husahau ni mdomo wa chupa. Umechovya chupa mtoni, kwa zile nyuzi za kufungia kifuniko kuna matone ambayo taa haijayagusa, unamaliza kukoroga kila kitu sawasawa halafu unaweka mdomo hapo hapo. Pangusa na kitambaa kikavu kwanza, na kifuniko pia.

omosh_wa_webuye
Si mchemshe tu jameni. Watu wa town na vifaa vyenu 😂

kitale_juu
@omosh_wa_webuye kuchemsha ni sawa kabisa, hakuna anayekataa, na tena hata maji yakiwa na tope kuchemsha hakubagui. Lakini ukishapita mita 2,000 inabidi maji yachemke dakika 3 hivi maana huko juu yanachemka kabla hayajafika digrii 100, na kilele cha Koitobos ni mita 4,222. Hesabu watu sita, kila mtu lita kadhaa kwa siku, gesi yote itaishia kwa maji ya kunywa na ugali mtapikia nini? Na msijaribu kukata kuni, askari wa KWS (shirika la wanyamapori) hawachezi na hiyo.

nyar_dunga
Naongeza hapo, watu wasichanganye hii na ile ya kuanika chupa kwa mabati. Ile ya jua ni chupa ya plastiki ya kupitisha mwanga, maji yasiwe na tope, masaa 6 kwa jua kali, kukiwa na mawingu siku mbili. Hii ya taa ni UV ya aina ingine, hata haipiti plastiki wala kioo cha kawaida, kwa hivyo ukimulika chupa kutoka nje hujafanya kitu. Lazima taa iingie ndani ya maji.

Na tafadhali mtu asisome hapa halafu aje Kisumu achovye kalamu ziwani. Ule ukijani wa mwani tunaona hapa ghubani unaweza kuwa na sumu, na sumu si kijidudu, taa haiitoi na kuchemsha pia hakuitoi.

babu_bahati
Hiyo ya nyar_dunga ni muhimu hata kwetu Nakuru. Kijana, mkirudi usianze kutumia hiyo kalamu kwa maji ya kisima cha plot ukidhani umemaliza kazi. Shida ya maji yetu ni floraidi, madini ya ardhini, ndiyo inawapaka watoto meno rangi ya kahawia. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya huku Bonde la Ufa vimepita hapo. Taa haiigusi, na ukichemsha ndio unaizidisha maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Hiyo inataka chujio la mkaa wa mifupa. Na nyinyi wa Ikolomani mnaochota karibu na machimbo ya dhahabu, zebaki vilevile taa haiitoi.

naxvegas_miguu
Asante babu, asanteni wote. Kumbe leso inaingia kwa orodha ya vifaa. Na betri je? Yetu inachajiwa na waya ya simu, nasikia baridi ya huko usiku si mchezo.

kitale_juu
Baridi inamaliza betri haraka, lala nayo ndani ya slipingi begi pamoja na pawabenki. Na msiende na kalamu peke yake, ikianguka kwa jiwe hiyo taa ni kioo. Nunueni vidonge vya klorini ama Waterguard kabla hamjaacha Kitale, fuateni kipimo cha kwa paketi na mngoje nusu saa kabla ya kunywa. Klorini pia ina faida moja taa haina, inabaki ndani ya maji ikilinda. Maji ya taa mtu akiingiza kikombe kichafu yamerudi pale pale, kwa hivyo mulika yale mtakunywa saa hiyo, msijaze mtungi mzima wa kesho.

omosh_wa_webuye
Sawa nimeshindwa. Mnaenda lini, kuna nafasi ya mtu wa saba?