Tupeane uzoefu: ulipovunja ungo uliambiwa nini, na binti yako unamwambia nini?

Mleta mada:
Wadau, jana binti yangu wa darasa la sita kaniuliza mezani, "Mama, hedhi ikianza inauma?" Baba yake akashika simu akatoka nje, na simu yenyewe haijaita. Nikakumbuka ya kwangu, Tanga, 1994. Bibi alinipa vipande vya kanga kuukuu akasema, "Ushakuwa. Ukicheza na wavulana utaona." Nitaona nini, hakusema. Mwaka mzima nilikataa hata kumpa mkono binamu yangu. Nyie je?

Mwali wa Newala:
Kwetu ni unyago. Nilichezwa likizo ya Desemba nina miaka tisa, hata ungo sijavunja. Wa mjini mnadhani kungwi ni matusi tu. Mimi nilifundishwa usafi, kuwaamkia wakubwa, kutoingia hovyo chumba cha wazazi. Mengine yalikuwa ya mke wa mtu, hayakuwa ya mtoto, nasema wazi. Wangu nilisubiri afike kidato cha pili, nikamwita kungwi nyumbani na mimi nikakaa palepale. Kila akikaribia ya ndoa, nakohoa. Alikasirika huyo mama! Pilau alikula lakini.

Wa bwenini:
Sisi tulikuwa tunapimwa mimba kila shule ikifunguliwa. Foleni nje ya chumba cha matroni, unalala kwenye benchi, nesi anakubinya tumbo. 2003 rafiki yangu alikutwa nayo, kidato cha tatu. Alifungashwa na sanduku lake la bati sisi tukiwa paredi, hata kumuaga hatukumuaga. Aliyempa mimba, mtu mzima na duka lake, aliendelea kuuza sukari.

Juni 2017 Magufuli aliposema aliyezaa harudi shule, mama yangu aliipigia redio makofi. Novemba 2021 Ndalichako, waziri wa elimu wa wakati huo, akatangaza warudi. Siku hizi mama huyohuyo anashinda na kitoto cha binti wa jirani mgongoni ili binti huyo aende darasani. Nilimchokoza kuhusu yale makofi. Akasema, "Shika mtoto nikoroge uji."

Baba mjane:
Samahanini kuingilia, mimi mwanaume. Binti yangu alipoanza, nilikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji akazungushia pedi gazeti, akatia mfuko mweusi, akachungulia barabarani ndipo akanikabidhi. Ungedhani ni gongo. Sasa nanunua mbilimbili, natembea nazo mkononi.

Shangazi mkali:
Mnawafungua macho mapema. Sisi hatukuambiwa na tulifika ndoani salama.

Wa bwenini:
Salama wewe, shangazi. Rafiki yangu naye hakuambiwa.

Mleta mada:
Shangazi, shikamoo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia, mpaka Mahakama ya Rufani ikasema Oktoba 2019 kifungu hicho kirekebishwe. Wa 15 anatosha kuolewa, ila kuambiwa mwili wake unavyofanya kazi bado mdogo?

Shangazi mkali:
Marahaba. Hilo la sheria umenibana. Lakini hujatuambia, yule mtoto ulimjibu nini?

Mleta mada:
Nilimwambia huwa inauma kiasi, siku moja mbili, na akiona damu aje kwangu, hata niwe na wageni. Akauliza, "Na baba akiwepo?" Baba akajibu kutoka barazani, "Nitatoka."