Sultani Yusuf wa Mvita: mfalme au haramia?

Mama Kuze:
Asalaam aleikum jamaa. Mwanangu wa darasa la saba walipelekwa Ngomeni juzi, ile Fort Jesus ya Mvita (Mombasa). Jioni nachuja tui, akanijia: "Mama, yule Yusuf bin Hasan alikuwa mfalme au haramia?" Waliambiwa tu kwamba aliua Wareno kisha akawa mwizi wa baharini. Nilibaki na kifumbu mkononi. Marehemu babangu alikuwa nahodha, na kwetu jina la Yusuf lilitajwa kwa heshima. Ajuaye anieleze, nimjibu mtoto kwa haki.

Fundi wa Mtongwe:
Waaleikum salaam dada. Anza na babake. Sultani Hasan alikuwa wa ukoo wa Malindi, ule ambao Wareno waliuhamishia Mvita na kuuahidi theluthi ya ushuru wa forodha. Ahadi ikazaa ugomvi, Hasan akakimbilia bara, na huko akauawa 1614. Mwanawe, ndiye huyo Yusuf, angali mdogo akachukuliwa hadi Goa, makao ya Wareno kule Bara Hindi, akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Aliporudishwa kutawala, nahodha wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau mbele ya watu wake. Kisha ikasemwa kwamba huzuru kaburi la babake na kuomba dua ya Kiislamu. Kwa Wareno hilo lilitosha kumrudisha Goa ashitakiwe. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma nahodha kisu, ngome ikawa yake. Manowari za Goa zilikuja mapema 1632, zikashindwa. Mei akapakia watu na mizinga kwenye vyombo alivyoteka, akatweka. Kuanzia hapo aliwawinda Wareno baharini mpaka alipokufa 1638, pande za Bahari ya Shamu.

Na huo uharamia, tuulize ulianza na nani. Wareno walikuwa na cheti chao, kartazi. Jahazi lisilokuwa nacho lilitekwa, shehena na chombo. Watu waliokuwa wakienda na kaskazi na kurudi na kusi tangu enzi na enzi, leo walipe ruhusa ya kupita baharini kwao! Mimi nachonga mataruma ya majahazi, na jambo hilo huniuma kama limetokea jana.

Binti Kibokoni:
Kaka, kartazi ni kweli, lakini usimfiche mtoto mengine. Waliouawa 1631 walikuwamo wanawake na watoto, na wenyeji waliokuwa wamebatizwa. Tena baada ya kuishinda Goa aliubomoa mji akauacha, na miezi michache baadaye Wareno wakarudi. Waliobaki Mvita ndio waliolipa. Mimi namwita mfalme aliyedhulumiwa, ila siwezi kumtakasa.

Mama, mrudishe mwanao Ngomeni, asimame mlangoni atazame juu. Lile jiwe la maandishi ya Kireno liliwekwa na Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa nahodha wa ngome 1635, kijana wa miaka 27. Anajisifu kuurudisha mwambao kwenye utii, na humo amemwita Yusuf mfalme dhalimu. Hata adui yake, kwenye jiwe, hakumnyima ufalme.

Mama Kuze:
Nawashukuru nyote. Nimemsomea yote, hata la wanawake na watoto. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kaburi la Sultani Hasan lipo bado. Jumapili twaenda kulitazama hilo jiwe.